Jinja la Inari lipi uende: Fushimi, Toyokawa, Yutoku au Kasama?

Wajapani wana maneno matatu kwa kitu ambacho wageni wengi hukiita kwa neno moja tu. Ukiwa bado shambani ni ine, ukishakobolewa ni kome, ukishapikwa na kupakuliwa ni gohan. Sisi hatuhitaji kuelezwa mara mbili: mpunga, mchele, wali. Ndiyo maana naamini kwamba msemaji wa Kiswahili anayetembelea jinja la Inari anaweza kuona mengi ambayo wengine huyapita bila kuyatazama, ilimradi achague vizuri pa kwenda.

Jinja ni mahali pa ibada ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani. Inari ni kami, yaani mungu wa Kishinto, wa mpunga, na jina lake huelezwa kuwa limetokana na kuota kwa mpunga. Baadaye akawa pia kami wa biashara na neema, na sababu iko wazi. Zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, utajiri wa bwana wa jimbo ulihesabiwa kwa koku, kipimo cha mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, yaani kama kilo 150. Samurai alipokea posho yake kwa mchele. Kule Osaka kulikuwa na soko la Dojima, lililopata kibali cha serikali mwaka 1730, ambako watu walinunua na kuuziana hata mchele ambao bado haujafika ghalani. Mchele ulipokuwa ndio fedha, aliyeombwa mavuno akaombwa na faida.

Leo kuna majinja ya Inari yapatayo 30,000 Japani. Mengine yamejaza mlima mzima, mengine ni kibanda cha mbao juu ya paa la duka. Mimi nimekulia Kyela, kwenye majaruba, kisha nikakaa Nagoya miaka miwili kimasomo, na kila likizo ilinikuta kwenye treni ya kwenda kuona jinja jingine. Ndugu na marafiki wanaopanga safari ya Japani huniuliza hasa kuhusu manne: Fushimi Inari Taisha la Kyoto, Toyokawa Inari, mkoa wa Aichi, Yutoku Inari, mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu, na Kasama Inari, mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki ya Tokyo. Utasikia yakitajwa "Inari watatu wakuu wa Japani". Fushimi halikosekani kwenye hesabu hiyo, ila nafasi mbili zinazobaki zinadaiwa na wengi, yakiwemo haya matatu. Sifa hiyo isikuamulie safari.

Kama umefuata mpunga wenyewe

Hapa Fushimi linashinda, tena kwa mbali, ingawa si kwa sababu inayowapeleka watu wengi kule. Wengi wanafuata torii, yale malango mekundu yaliyopangwa mamia kwa mamia mpaka yakawa kama njia ya chini ya ardhi. Wanafika saa nne asubuhi, wanasongamana kwenye sehemu iitwayo Senbon Torii, wanapiga picha, wanarudi stesheni. Hawajaona suke hata moja.

Masimulizi ya kale yanasema jinja hili lilianzishwa mwaka 711 na Hata no Irogu. Ukoo wa Hata ulikuwa wa wahamiaji kutoka bara la Asia, waliotajirika kwa kilimo na kwa kufuma hariri. Irogu alikuwa na mchele mwingi hata akachukua mochi, andazi la mchele uliotwangwa, akalifanya shabaha ya mishale yake. Mshale ulipolichoma, mochi likageuka ndege mweupe, likaruka mpaka kileleni mwa mlima, na pale lilipotua mpunga ukaota. Bibi yangu angeielewa hadithi hii bila mkalimani. Kwetu punje ikidondoka mkekani huokotwa.

Ndani ya eneo la jinja lenyewe kuna jaruba halisi, na mwaka mzima unazunguka juu yake. Mbegu humwagwa tarehe 12 Aprili. Miche hupandikizwa tarehe 10 Juni, huku wanawake waliovaa mavazi ya kale wakicheza taratibu na wapandaji wakiinama matopeni. Mavuno ni tarehe 25 Oktoba, kwa mundu. Mabua huchomwa tarehe 8 Novemba kwenye sherehe ya moto, na mchele mpya hutolewa mbele ya kami tarehe 23 Novemba. Nimehudhuria siku ya kupandikiza. Nilisimama ukingoni nikitazama mikono ya wapandaji inavyochomeka mche kwa vidole, na kwa muda nilisahau kabisa kwamba niko Kyoto.

Watazame pia mbweha wa mawe. Kila mmoja ameshika kitu mdomoni: suke la mpunga, kito cha mviringo, hati iliyoviringishwa, au ufunguo. Ufunguo huo ni wa ghala la mpunga. Wageni wengi huondoka wakidhani Inari ni mungu mbweha, na hilo ni kosa. Mbweha ni mjumbe wake tu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kikulima kabisa, kwamba mbweha hula panya, na panya ndiye adui wa ghala.

Kwenye barabara ya maduka inayoelekea langoni kuna kitu ambacho waandishi wa safari hukitaja kama kioja: shomoro wa kuchoma kwenye vijiti. Aliyewahi kukaa juu ya dungu akiamia ndege hatashangaa. Shomoro anakula mpunga, na hapa ni kwa kami wa mpunga, basi shomoro huchomwa. Nilikumbuka kwelea kwelea walivyokuwa wakitua kama wingu, na sisi watoto tukipiga madebe tangu alfajiri mpaka giza.

Majinja mengine matatu hayakukaribishi shambani namna hii. Kasama, kwa mfano, jina lake la zamani ni Inari wa Chini ya Mjozi, kwa ajili ya mti wa kokwa za jozi uliokuwa hapo. Fahari yake leo ni maonyesho ya maua ya krisanthemi yanayofanyika kila Oktoba na Novemba tangu 1908. Ni mazuri sana, lakini hayana uhusiano na mpunga.

Kama umefuata biashara

Toyokawa lina jambo moja ambalo lazima ulijue kabla ya kukata tiketi, kwa sababu watu hulikosea mpaka wanapofika. Toyokawa Inari si jinja. Jina lake rasmi ni Myogon-ji, nalo ni hekalu la Kibudha la madhehebu ya Soto Zen, lililoanzishwa mwaka 1441. Anayeheshimiwa pale ni Dakiniten, mungu wa kike wa Kibudha, anayechorwa amepanda mbweha mweupe, amebeba masuke ya mpunga begani na kito mkononi. Kwa karne nyingi Wajapani hawakuweka ukuta kati ya imani hizi mbili. Serikali ya Meiji ndiyo iliyoamuru zitenganishwe kuanzia 1868, na Toyokawa likabaki upande wa Wabudha. Aliyedhamiria kuona Ushinto wenyewe, Toyokawa halimfai. Anayetaka kuelewa jinsi mpunga, mbweha na mali vilivyofungamana katika moyo wa Mjapani, asilikose.

Tofauti yake na Fushimi inaonekana vizuri zaidi kwenye jinsi mfanyabiashara anavyoacha jina lake. Fushimi, anayeshukuru kwa kufanikiwa hutoa torii. Mlimani ziko kama 10,000, na bei ya moja inafika mamia ya maelfu ya yeni, ya kubwa hata kuzidi milioni. Jina la mtoaji na tarehe huandikwa upande wa nyuma wa nguzo, hivyo unapopanda huoni maandishi, unaona wekundu mtupu. Ukigeuka kushuka, nguzo zote zinakusomea majina ya makampuni. Mbao huoza, torii huondolewa, jingine husimikwa mahali pake. Toyokawa, mtoaji husimamisha bendera ndefu ya kitambaa yenye jina lake, jambo ambalo hata muuza duka mdogo analiweza. Bendera hizo zimepangwa pande mbili za njia, zinapigwa na upepo, na ukizifuata zinakufikisha Reikozuka, mahali penye sanamu za mbweha zipatazo 1,000, zote zimefungwa vitambaa vyekundu shingoni. Watu husokomeza sarafu kwenye nyufa za miamba.

Kwangu mimi, hapo pananigusa kuliko torii za Fushimi. Fushimi nilisoma majina ya makampuni. Toyokawa nilimwona mama mtu mzima amesimama mbele ya bendera mpya, anainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha mtu khanga ya sherehe.

Kama unasafiri na wazee

Mlima wa Inari, ule wa Fushimi, una mita 233 tu, lakini ngazi zake zinachosha. Mzunguko mzima ni kama kilomita 4 na unachukua saa mbili hadi tatu. Katikati kuna njia panda iitwayo Yotsutsuji, ambako Kyoto inaonekana chini. Mzee mwenye magoti mazima anaweza kufika hapo akipumzika pumzika. Mwenye magoti mabovu atabaki chini kwenye jengo kuu, ambalo nalo lina hadhi yake: lilijengwa upya mwaka 1499 baada ya kuteketea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Onin, na lango kubwa lililo mbele yake lilitolewa na Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, mwaka 1589.

Yutoku ndilo ninalowashauri wanaosafiri na wazazi. Jengo lake kuu limeinuliwa mita 18 juu ya ardhi kwa msitu wa nguzo nyekundu, limeegemea mlima, na mara ya kwanza nilipoliona nilisema kwa sauti: hili ni dungu! Mwenye nguvu anapanda ngazi, asiye na nguvu anapanda lifti kwa malipo madogo, na wote wanakutana juu wakitazama bonde. Anayetaka zaidi anaendelea kupanda mlima mpaka kwenye jinja la ndani, ambako siku ikiwa safi Bahari ya Ariake inaonekana.

Lilianzishwa mwaka 1687 na Hanayamain Manko, binti wa ukoo wa makabaila wa Kyoto aliyeolewa na Nabeshima Naotomo, bwana wa Kashima. Alikuja na mgao wa Inari aliyekuwa akiheshimiwa katika kasri la mfalme. Hapo ndipo penye siri ya majinja 30,000. Kami hugawanywa bila kupungua, kama unavyowashia taa kwa moto wa taa nyingine, na taa ya kwanza ikabaki inawaka vilevile. Nampenda huyu binti. Aliondoka kwao, akaenda mbali na asirudi, akachukua moto wa nyumbani.

Toyokawa ni tambarare, hivyo kiti cha magurudumu kinapita sehemu kubwa bila shida. Kasama vilevile.

Njia na nauli

Kuingia ni bure kote kunne. Kinachotofautiana ni muda wa safari.

Fushimi ni rahisi kupita kiasi, na ndiyo shida yake. Kutoka stesheni ya Kyoto unapanda treni ya JR ya njia ya Nara, stesheni mbili, dakika tano hivi, kama yeni 150, unashuka Inari na lango liko mbele yako. Panda treni inayosimama kila kituo, maana ya haraka haisimami Inari. Eneo liko wazi usiku na mchana, kwa hiyo usiende saa nne asubuhi. Nenda alfajiri. Nilifika saa kumi na mbili kasoro mwezi wa Mei na kwenye Senbon Torii nilisikia nyayo zangu tu. Sikushauri kupanda peke yako usiku wa manane, kwa kuwa mlimani kuna nguruwe mwitu. Siku tatu za mwanzo wa Januari zaidi ya watu milioni 2 hupita pale. Kama hupendi msongamano, siku hizo zikwepe kabisa.

Toyokawa liko njiani kati ya Tokyo na Kyoto, jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Unashuka Toyohashi, unabadilisha treni, dakika kama 15 zaidi, kisha unatembea dakika tano. Ukitokea Nagoya ni kama saa moja. Mtu anayesafiri kati ya miji hiyo miwili anaweza kusimama hapo kwa muda wa saa tatu, akala, akaendelea na safari jioni.

Kasama linamfaa aliye Tokyo asiyetaka kulala nje. Unapanda treni ya njia ya Joban mpaka Tomobe, unabadilisha kwenda Kasama, unatembea kama dakika 20 katikati ya mji wa wafinyanzi. Masimulizi yanalirudisha jinja hili mpaka mwaka 651, yaani kabla ya Fushimi. Upande wa nyuma wa jengo kuu una nakshi za mbao za zama za Edo ambazo watu husahau kuzunguka kuziangalia. Usisahau.

Yutoku ndilo la mbali. Kutoka Hakata, mjini Fukuoka, ni treni ya saa moja hivi mpaka Hizen-Kashima, halafu basi la kama dakika 10. Mabasi si mengi, angalia saa ya kurudi kabla hujaanza kupanda. Kwenda Kyushu kwa ajili ya Yutoku peke yake nisingekushauri. Ukiwa tayari na safari ya Fukuoka au Nagasaki, liongeze.

Kuna jinja jingine linalosambaa sana kwa picha, Motonosumi la mkoa wa Yamaguchi, lenye torii 123 zinazoshuka hadi kwenye majabali ya bahari. Linapendeza. Lakini lilianzishwa mwaka 1955, na bila gari ni taabu kulifikia, kwa hiyo sijaliweka kwenye mizani.

Chakula, na wewe mwenye imani yako

Inarizushi ni wali wenye siki uliotiwa ndani ya kifuko cha tofu ya kukaanga, iliyochemshwa kwa mchuzi wa soya na sukari. Inasemwa mbweha wanaipenda tofu hiyo. Toyokawa wanajivunia kuwa chimbuko lake, na maduka yanayoelekea langoni yanashindana kwa aina. Kasama huchanganya jozi ndani ya wali, na za Kasama ndizo zilizonikaa mdomoni. Mwislamu aulize kwanza: mchuzi huo mara nyingi hutiwa mirini, nayo ina kileo. Wapishi wengi watakujibu kwa uaminifu ukiwauliza kwa upole.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama Mkristo au Mwislamu anaweza kwenda bila kuabudu. Anaweza. Hakuna anayesimama langoni kukuuliza dini yako, na hakuna tendo unalolazimishwa. Wenyeji huinama kidogo wanapopita torii, hutembea pembeni kwa kuwa katikati ni njia ya kami, hunawa mikono, hutupa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, huinama tena mara moja. Toyokawa hawapigi makofi. Ni hekalu la Kibudha, huunganisha viganja kimya. Wewe unaweza kutazama tu. Pita pembeni, nyamaza mbele ya anayeomba, usipige picha ndani ya jengo kuu, usiguse vilivyowekwa mbele ya mbweha. Huo ni uungwana wa mgeni, na mwenyeji ataupokea.

Sarafu inayopendwa pale ni ya yeni 5, kwa sababu matamshi yake, go-en, yanafanana na neno la uhusiano mwema kati ya watu. Kabla hujaitumia, igeuze uitazame. Imechorwa suke la mpunga lililoinama kwa uzito.

Basi ningechaguaje

Mwenye siku moja Kyoto aende Fushimi alfajiri, apite Senbon Torii bila kusimama, apande mpaka juu ya Yotsutsuji ambako wengi wanageukia, ashuke akisoma majina ya nguzo. Mwenye duka, au anayetaka kufungua, asimame Toyokawa. Mwenye mama au baba mzee, Yutoku kama safari yake inafika Kyushu. Kama haifiki, Toyokawa tena. Aliyebanwa Tokyo na ana Jumamosi moja mwezi wa Novemba aende Kasama, atakuta maua.

Na kama tarehe ya safari iko mikononi mwako, ipange ifike Kyoto tarehe 10 Juni. Huo ni msimu wa mvua, beba mwavuli. Watu hujaa ukingoni, kwa hiyo wahi nafasi ya mbele, karibu na maji, uione mikono.